Wanakuja Kuuliza, Hawarudi Kujibu: Sayansi na Wananchi Mkoani Singida

Mwaka 2009 M. A. Lema na Amos Majule walichapisha makala kuhusu mabadiliko ya tabianchi wilayani Manyoni. Walikwenda Kamenyanga na Kintinku, wakawauliza wakulima wameyaonaje mambo ya mvua na joto katika umri wao, kisha wakayaweka majibu hayo kando ya takwimu za hali ya hewa. Wakulima walisema mvua imepungua na joto limepanda. Vipimo navyo vikasema vivyo hivyo. Makala ilitoka kwa Kiingereza katika jarida la kimataifa na imenukuliwa mara nyingi na watafiti wa ndani na nje ya Afrika. Yaelekea yupo msomi wa Ulaya anayelijua jina la Kamenyanga lakini hajui Singida iko upande gani wa Tanzania.

Kazi ile ni nzuri na sina ugomvi nayo. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha njia ambayo maarifa hupita katika mkoa huu. Yalianzia kwa mkulima, yakapimwa, yakaandikwa kwa lugha nyingine, yakasafiri. Njia ya kurudi ndiyo haijachongwa. Tunapozungumza juu ya mawasiliano kati ya wanasayansi na wananchi, mara nyingi tunauliza mwananchi atafanywaje amwelewe mtaalamu. Katika mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya 2022, ambao hauna hata kituo kimoja cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, swali hilo linaruka jingine lililo mbele yake: nani anarudi, na akirudi anaweza kuulizwa nini?

Fikra kwamba shida yote ni uelewa mdogo wa wananchi si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1985 Royal Society ya Uingereza ilitoa ripoti, iliyoandaliwa chini ya Walter Bodmer, ikiwahimiza wanasayansi wajifunze kuzungumza na umma ili umma uielewe sayansi na kuithamini. Mwaka uliofuata kinu cha Chernobyl kililipuka, na mvua ikaiangusha mionzi yake hadi kwenye milima ya Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, nchi ya wafugaji wa kondoo. Wafugaji waliambiwa zuio la kuuza kondoo lingedumu wiki tatu. Vizuizi vya mwisho viliondolewa mwaka 2012. Mwanasosholojia Brian Wynne, aliyewahoji wafugaji wale, alionyesha kwamba walijua mambo ambayo wataalamu hawakuyauliza: udongo wao ulivyo, na jinsi kondoo wa mlimani wanavyolisha. Mahesabu ya awali yalitegemea tabia ya udongo wa mfinyanzi, na milima ile ina udongo wa mboji, wenye tabia nyingine kabisa. Imani ilivunjika pale, na aliyeivunja hakuwa mfugaji asiyejua sayansi.

Katikati ya Tanzania tunazo habari zetu za namna hiyo. Mpango wa kikoloni wa karanga wa Kongwa, uliofunguliwa mwaka 1947 na kufa mwaka 1951, ulikuwa na matrekta mengi na kumbukumbu chache za mvua. Wagogo, wenyeji walioijua njaa ya pale, hawakuwa na kiti mezani. Mwaka 1979 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, uliondoa mifugo katika milima ya Kondoa Irangi. Majani yalirudi. Wenye ng'ombe nao walijifunza lao, kwamba mtaalamu wa ardhi akionekana, mifugo inahamishwa. Elimu ya aina hiyo haiandikwi kwenye ripoti ya mradi, lakini hukaa kijijini muda mrefu kuliko mradi wenyewe.

Turudi kwenye mvua, kwa kuwa Singida kila kitu huanzia hapo. Mkoa una msimu mmoja tu, kati ya Novemba na Aprili, na maeneo mengi hupata milimita 500 hadi 800 kwa mwaka. Kabla ya msimu kuanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutangaza utabiri wake kwa mikoa yenye msimu mmoja. Lugha ya utabiri huo ni ya makundi matatu: mvua za juu ya wastani, za wastani, na za chini ya wastani. TMA yenyewe huandika maana yake. Mvua ya wastani ni ile iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu.

Hesabu hiyo ndogo inastahili kutazamwa kwa utulivu. Chukua kijiji ambacho wastani wake ni milimita 600. Msimu ukileta 450, huo ni wastani. Ukileta 750, ni wastani pia. Kwa mtaalamu hapo hakuna kosa. Ndivyo takwimu zinavyokwenda. Kwa mwenye ekari tatu za mahindi, milimita 450 huenda zikampa magunia ya kuhesabu kwa vidole, na 750 zikamjazia ghala. Tena jumla ya msimu si jambo analolihitaji kuliko yote. Anataka kujua kama mvua ya kwanza ni ya kupandia au ni ya kumdanganya amwage mbegu. Anataka kujua kile kiangazi cha katikati ya msimu, ambacho mara nyingi huja Januari au Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, kitakaa siku kumi au kitakaa mwezi. TMA hutaja pia tarehe za mwanzo na mwisho wa mvua na uwezekano wa vipindi vya ukavu, na imekuwa ikitoa utabiri wa siku kumi kumi. Lakini kinachofika kijijini kwa nguvu ni lile neno la kwanza la redio, na lile neno la kwanza ni wastani.

Kisha kuna safari ya utabiri kutoka TMA kwenda kitongojini. Unapotoka kwa wataalamu, utabiri ni maneno ya uwezekano: kundi hili lina nafasi kubwa zaidi kuliko lile. Ukifika ngazi ya mkoa unakuwa taarifa: mwaka huu mvua zitakuwa chini ya wastani. Wilayani unakuwa ushauri: wakulima wapande mtama na uwele. Katani unakuwa agizo, na kitongojini agizo hilo hupokelewa na watu ambao wazee wao walipokea maagizo kama hayo tangu enzi za Mwingereza, pamoja na sheria ndogo za kulima ekari kadhaa za mazao ya njaa. Kila ngazi imeondoa shaka kidogo, na shaka ndiyo iliyokuwa sayansi. Mvua ikija nyingi mwaka huo, aliyetii amekosa mahindi ya kuuza, na hakuna wa kumwendea. Mtaalamu hakusema uongo. Mkuu wa wilaya alifikisha ujumbe. Mtendaji wa kata alitekeleza.

Simlaumu sana mtendaji. Kiongozi anayesimama mbele ya mkutano na kusema "kuna uwezekano, lakini huenda isiwe" anaonekana kama hajui kazi yake. Tumejijengea utamaduni ambao mwenye cheo hapaswi kusitasita, na sayansi ya hali ya hewa haiwezi kusemwa kwa uaminifu bila kusitasita. Ajabu ni kwamba wazee wa kijiji, wanaotazama miti inavyochanua, upepo unavyogeuka na ndege wanavyohama, wao husitasita wazi na hakuna anayewadharau kwa hilo. Ladislaus Chang'a, ambaye baadaye alikuja kuiongoza TMA, mwaka 2010 alichapisha pamoja na Pius Yanda na James Ngana utafiti kuhusu dalili hizo za asili katika Nyanda za Juu Kusini, na wakapendekeza zisitupwe bali zitumike pamoja na utabiri wa kisasa. Kuhusu usahihi wa dalili zenyewe nina mashaka, hasa sasa majira yanapobadilika na miti nayo ikichanganyikiwa. Lakini mzee ana kitu ambacho redio haina. Machi ikifika na mahindi yamenyauka, yeye yupo kijijini, na unaweza kumfuata ukamwambia: babu, mbona ulisema?

Upande wa pili wa mpaka wa mkoa, kwenye barabara ya Singida kwenda Babati, tuliona sura nyingine ya jambo hili. Mwaka 2023 TMA ilitoa tahadhari ya El Niño mapema, na mvua zikaja kweli. Tarehe 3 Desemba tope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang yakaingia Katesh, na zaidi ya watu 80 walikufa. Tahadhari ilikuwa imezungumza na mikoa. Haikuzungumza na mtaa ulio chini ya mlima. Uvumi wa volkano ulienea kabla wataalamu wa jiolojia hawajaeleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Uvumi ule haukuwa upumbavu. Hanang ni mlima wa volkano, na watu walitumia maarifa waliyokuwa nayo kujaza nafasi ambayo hakuna aliyeijaza mapema.

Sasa nije kwenye kuku, ambako habari ni njema zaidi.

Kuku wa kienyeji wa Singida wana jina hadi Dar es Salaam, na adui yao mkubwa ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ni ugonjwa wa virusi unaoweza kufagia banda zima kwa siku chache, hasa miezi ya kiangazi. Kwa miaka mingi chanjo zilizokuwepo zilitengenezwa kwa ajili ya mabanda makubwa yenye umeme: zilihitaji jokofu wakati wote na zilikuja katika chupa za dozi nyingi mno kwa mwenye kuku wanane. Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, aliandaa aina ya virusi dhaifu inayoitwa I-2, inayostahimili joto kwa muda kuliko chanjo za kawaida, na mbegu yake ikatolewa kwa nchi maskini zijitengenezee. Tanzania ilianza kuitengeneza katika maabara ya Temeke. Kuku hudondoshewa tone moja jichoni, na zoezi hurudiwa kila baada ya miezi minne.

Kuanzia mwaka 2014 mradi wa utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Sydney, kwa fedha za serikali ya Australia, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, ulifanya kazi katika kata za Sanza na Majiri wilayani Manyoni. Ulichunguza kuku, mazao na lishe ya watoto kwa pamoja. Matokeo ya lishe niwaachie wenyewe, ni mjadala mrefu. Kinachonivutia ni mpango wa uchanjaji. Wachanjaji walikuwa wanakijiji, wanawake kwa wanaume, waliofunzwa na kupewa dawa, nao wakapita nyumba kwa nyumba wakitoza ada ndogo kwa kila kuku.

Tazama kinachotokea mchanjaji anapoingia uani. Mama mwenye kuku anamjua, anajua na watoto wake. Atamuuliza: tone hili linazuia nini? Kama kuku amekwisha kuanza kuzubaa, litamponya? Mchanjaji atalazimika kusema hapana, chanjo ni ya mzima, haitibu mgonjwa. Mwezi ujao vifaranga wakifa kwa ndui, mama huyo atamfuata kisimani na kumwambia dawa yako ni maji. Hapo mchanjaji ataeleza, mbele ya watu wenye ndoo, kwamba mdondo ni ugonjwa mmoja na ndui ni mwingine, na kwamba chanjo ya huu haimjui yule. Kila ugonjwa una chanzo chake, na kila kinga ina mpaka wake: hilo ni somo la msingi la sayansi ya magonjwa, na limefundishwa kisimani kwa sababu aliyekosewa alijua pa kupeleka lawama. Semina ya siku tatu isingelifikisha hivyo. Kisha ada: mtu akitoa hela yake mfukoni kununua tone, amepata haki ya kudai maelezo. Vitu vya bure vya miradi hupokelewa kwa adabu na kimya.

Mpango kama huo una udhaifu wake. Mradi unapoondoka, chupa za chanjo lazima ziendelee kufika Sanza, na mchanjaji mmoja mmoja hawezi kusafiri kufuata dozi. Huo ni udhaifu wa biashara na usafiri, si wa uelewa, na ingekuwa vyema tukautaja kwa jina lake badala ya kuagiza elimu zaidi kwa wafugaji.

Afisa ugani, bwana shamba au bibi shamba, ndiye aliyetakiwa kuwa mtu wa aina hiyo kwa mazao yote. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma ugawaji wa pikipiki karibu 7,000 kwa maafisa ugani, pamoja na vifaa vya kupimia udongo. Pikipiki ni kitu cha maana. Kata za Mkalama na Itigi si za kutembea kwa miguu. Lakini afisa huyo anabeba ujumbe wa kwenda tu. Mkulima wa alizeti wa Ikungi akimwambia mbegu ya mwaka huu imeota nusu, malalamiko yapande hadi TARI Ilonga kule Kilosa yakajibiwe na mtafiti, kwa njia gani? Taarifa anayojaza kila mwezi inahesabu wakulima waliofikiwa. Sehemu ya kuandika walichouliza mara nyingi haipo.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mwanasayansi ana uhuru wa kusema na tatizo ni barabara. Si mara zote. Oktoba 2016 majaribio ya shambani ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili kustahimili ukame yalianza katika kituo cha Makutupora, Dodoma. Kwa mkulima wa Singida hakuna utafiti ambao ungemgusa zaidi, awe anaukubali au anauogopa. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo, kupitia Katibu Mkuu Mathew Mtigumwe, aliyewahi kuwa Mkuu wa Mkoa wa Singida, iliamuru majaribio yasimamishwe na mabaki yake yateketezwe. Moja ya malalamiko ya wizara ni kwamba matokeo yalikuwa yakitangazwa bila idhini. Januari 2021 Waziri wa Kilimo Adolf Mkenda alitangaza kufuta majaribio ya aina hiyo nchini.

Unaweza kuunga mkono uamuzi ule. Zipo hoja nzito kuhusu umiliki wa mbegu, na serikali ina haki ya kuchagua. Kilichopotea ni mazungumzo yenyewe. Mkulima wa Iramba hakupewa nafasi ya kulitazama shamba lile na kuuliza, hindi hili nikilihifadhi nitalipanda mwakani? Hakusikia mtafiti akijibu mbele ya mpinzani wake. Alisikia kwanza kwamba kuna kitu kinajaribiwa kwa siri, kisha akasikia kimepigwa marufuku, na kwa mantiki ya kawaida ya mtu yeyote akahitimisha kwamba kilikuwa kibaya. Kama kesho mbegu hiyo itarudi na kuitwa salama, mkulima huyo ataaminije?

Miezi miwili kabla ya amri ile ya kusimamisha majaribio, Septemba 2018, Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu kwa namna iliyofanya kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali kuwa hatari. Juni 2019 makali hayo yakapunguzwa. Halafu ikaja korona. Baada ya tarehe 29 Aprili 2020 takwimu za kitaifa zilikoma kutolewa. Mwezi uliofuata Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara ya taifa zilikutwa na virusi. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alichanjwa mbele ya kamera na kuzindua chanjo. Wahudumu wa afya wa zahanati za vijijini, wale wale, ndio walioagizwa kuubeba ujumbe wa kwanza na ndio walioagizwa kuubeba wa pili. Waliokuwa wakisitasita kuchanjwa waliitwa wajinga. Kwa maoni yangu walikuwa wasikilizaji wazuri mno: waliyakumbuka yote waliyoambiwa.

Yapo mambo ambayo ugumu wake uko katika ukweli wenyewe. Mwaka 2016 ugonjwa usiojulikana uliwapata watu wa Dodoma na Manyara, majirani zetu wa Chemba, Kondoa na Kiteto wakiwemo. Wagonjwa walikuwa 68 na 20 walikufa kabla chanzo hakijafahamika vizuri: sumukuvu katika mahindi waliyoyalima wenyewe. Sumu hiyo haionekani wala haina ladha. Kumwambia mtu mwenye njaa kwamba mahindi ya ghalani kwake yanaweza kumuua kunahitaji kwanza kujibu atakula nini kesho.

Floraidi ni hivyo hivyo, ila mwendo wake ni wa pole. Singida imo katika mikoa ambayo maji yake ya ardhini yana madini haya kwa wingi, pamoja na Arusha, Manyara na Shinyanga. Yakizidi, meno ya mtoto huota na madoa ya kahawia, na kwa kiwango kikubwa mifupa nayo hupinda. Kuchemsha maji hakuyaondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Baadaye kikashushwa hadi 4, na miaka ya karibuni 1.5. Kile kiwango cha 8 hakikuwekwa na watu wasiojua sayansi. Waliona kwamba kiwango kikali kingefunga visima ambavyo havikuwa na mbadala, na watu wangerudi kwenye madimbwi yenye kipindupindu. Ulikuwa uamuzi wa kupima madhara mawili, na pengine ulikuwa sahihi kwa wakati wake. Lakini waliokunywa maji hayo hawakuhusishwa katika kupima. Kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya wanyama, na hilo nalo lina maswali ya kijamii na kidini ambayo mkemia peke yake hawezi kuyajibu: mifupa ya mnyama gani, kachinjwa na nani?

Je, tuliwahi kuweza? Mwaka 1973 tuliweza, kwa kiasi. Kampeni ya "Mtu ni Afya", iliyoendeshwa chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliunganisha redio, vijitabu na vikundi vya kusikiliza nchi nzima. Inakadiriwa watu milioni 2 walishiriki katika vikundi karibu 75,000. Walisikiliza kipindi, wakasoma kwa pamoja, wakajadili malaria, kuhara damu, minyoo ya safura, kichocho na kifua kikuu, kisha wakatoka nje kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Ni rahisi kuitamani enzi ile na kusahau kwamba ilikuwa pia enzi ya kuhamishiwa vijijini kwa nguvu, na kwamba sauti ya redio ilikuwa moja. Swali la "kwa nini" liliruhusiwa kuhusu minyoo, si kuhusu kijiji. Hata hivyo wabunifu wake walielewa jambo ambalo matangazo ya leo ya sekunde thelathini yamelisahau: mtu haamini kwa kusikia tu, huamini baada ya kubishana na wenzake wanaomjua, na lazima apewe muda na mahali pa kubishania.

Mahali hapo pamepungua, na watafiti wamezidi. Mfano wa mbali kabisa ni Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao wanaishi Munguli wilayani Mkalama. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake waliandika kwamba Mhadzabe, pamoja na kutembea kwake kote, hutumia nishati kwa siku sawa na Mmarekani au Mzungu mwenye umbo kama lake, na fikra za dunia kuhusu unene zikatikisika. Mwaka 2014 Stephanie Schnorr na wenzake walieleza bakteria wa utumbo wa Wahadzabe kutokana na sampuli za kinyesi. Vitabu vya lishe vinavyouzwa Ulaya na Marekani huwataja Wahadzabe kama walimu. Jirani yao Mnyiramba, ambaye amewadharau tangu utotoni kwa kuwa hawalimi, angepata la kujifunza hapo kama matokeo hayo yangesomwa katika shule za msingi za Mkalama. Mtafiti mgeni hupata kibali kutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na ana wajibu wa kuripoti kwa tume. Ripoti hiyo inakaa Dar es Salaam.

Wala wananchi si wasafi katika biashara hii. Watu waliohojiwa mara nyingi huanza kujua dodoso linataka nini. Mwenye dodoso la njaa huambiwa njaa, mwenye dodoso la mradi wa maji huambiwa maji, idadi ya ng'ombe hupunguzwa kwa kuogopa mchango au agizo la kuuza. Mtafiti huondoka na takwimu safi zenye uongo ndani, na sera hujengwa juu yake. Mtu ambaye hajawahi kurudishiwa jibu hana sababu ya kulilinda jibu analotoa.

Motisha nayo inavuta kwingine. Mhadhiri hupanda cheo kwa machapisho. Mkenda, alipohamia Wizara ya Elimu, alianzisha tuzo ya shilingi milioni 50 kwa mtafiti anayechapisha katika majarida makubwa ya kimataifa. Si wazo baya. Nchi inahitaji wanasayansi wanaosomwa duniani. Ila sijaona kifungu kinachouliza kama matokeo yalisomwa pale yalipochukuliwa.

Na mahali pa kusomea papo tayari kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, unatakiwa kufanyika walau kila miezi mitatu. Una mwenyekiti, mtendaji, muhtasari na ajenda ya mapato na matumizi ambayo wanakijiji huijia wakiwa wamenoa maswali. Mtafiti anayeingia kijijini hupita kwa mtendaji na kusaini kitabu cha wageni, kwa hiyo jina lake na kazi yake vipo. Halmashauri ya wilaya inaweza kesho kuamua kwamba aliyesaini kitabu kile arudi mbele ya mkutano huo ndani ya miaka miwili, aseme kwa Kiswahili alichokiona na asichokiona, ajibu maswali, na muhtasari wake upelekwe COSTECH pamoja na ripoti. Gharama ni mafuta ya gari na posho ya siku mbili. Katika bajeti nyingi za utafiti kifungu hicho hakimo, ingawa cha ukumbi wa hoteli kwa warsha ya wadau huwemo.